Ndege Iliyokohoa na Matanga ya Papa

Kama ulikulia Durban enzi za vuvuzela, hutahitaji kuelezwa mengi. Kaa tu ujikumbushe. Ninyi wengine nivumilieni. Zile zilikuwa siku ambazo simu ya nyumbani ilikuwa moja, ya mama, yenye vitufe, na raha yake kubwa ilikuwa ule mchezo wa nyoka anayekula mpaka anajigonga. Ukimtaka rafiki yako hukumtumia ujumbe. Ulisimama uani ukaita jina lake mpaka likapanda ghorofa ya tatu, na aliyejibu ni mama yake, akikuuliza kama kwenu hakuna kazi.

Sisi tulikaa Overport, kwenye jengo la ghorofa nne ambalo zamani lilikuwa la njano. Walikaa humo Wakongo wengi kama sisi, Warundi kadhaa, bibi mmoja wa Kihindi aliyetugawia peremende siku za Ijumaa, na tumbili. Tumbili nawahesabu kuwa wapangaji kwa sababu waliingia na kutoka walivyotaka. Ukiacha dirisha la jikoni wazi, ukigeuka mkate uko juu ya ukuta, unaliwa taratibu, na mwizi anakutazama usoni bila haya. Watoto wa leo wana nyavu madirishani na mkate wao unaletwa na pikipiki. Hawajui utamu wa kumfukuza tumbili kwa mwiko huku jengo zima likikushangilia.

Tulicheza umgusha, ule mchezo wa kuruka kamba. Kamba yetu ilikuwa soksi ndefu za kanisani za mama zetu, zilizotoboka, tukazifunga pamoja, na zilivutika vizuri kuliko kamba yoyote ya dukani. Mwenzangu wa daima alikuwa Wivine, binti wa Papa Amisi wa ghorofa ya chini. Wivine aliruka kamba ikiwa kiunoni, ikiwa kwapani, ikiwa shingoni. Mimi niliishia magotini nikisingizia viatu. Tukichoka, tulichanga tukanunua kwota moja ya maharagwe kwenye duka la kona: robo ya mkate iliyochimbwa ndani ikajazwa mchuzi wa maharagwe wenye pilipili za Kihindi. Tuliila wanne, machozi yanatutoka, makamasi yanatutoka, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kutafuta maji. Siku hizi namwona mtoto anapiga picha chakula mpaka kinapoa. Sisi tungemwachia hiyo picha, chakula tukaondoka nacho.

Darasani tuliongea Kiingereza, uwanjani Kizulu, na tukirudi kwenye ngazi za jengo letu, Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa na Kifaransa tumboni na "eish" ya mshangao ya watu wa Durban kichwani. Mama hakuipenda hiyo "eish". Alikuwa msusi kwenye saluni moja mjini, na alirudi jioni vidole vimekakamaa, ananukia mafuta ya nywele, akasema maneno yake yale yale: "Mapendo, mgeni hapigake kelele kwa nyumba ya wenyewe." Basi tukawa watu wa sauti ndogo. Na kichwani daima alifunga kitambaa cheusi. Kanisani cheusi, sokoni cheusi, siku ya Krismasi cheusi. Tangu nipate akili nilikiona hicho tu, nikadhani ni sare ya kazi.

Jambo jingine nililolikuta nyumbani ni habari ya ndege. Kwetu ndege hazikutajwa. Ikipita moja juu, Mama aliongeza sauti ya redio. Wakati wa Kombe la Dunia jiji zima lilikuwa barabarani likipuliza vuvuzela, helikopta zikizunguka upande wa uwanja mpya wa mpira, na sisi watoto tumepanda kwenye ukuta tunazipungia mikono. Mama akaniita ndani, akafunga dirisha, akanipa vitunguu nimenye. Siku nyingine nilikunja ndege ya karatasi. Aliichukua bila kugomba, akaikunjua, akainyoosha kwa kiganja mpaka ikawa karatasi tena. Kule kunyoosha kuliniuma kuliko fimbo.

Papa Amisi, baba yake Wivine, alikuwa mlinzi wa magari kwenye maduka ya Overport. Jioni, kabla ya chakula, aliketi kwenye ngazi ya chini na koti lake la kung'aa, nasi tukamzunguka. Sharti lilikuwa kukaa upande wake wa kulia, maana sikio la kushoto halikusikia hata ukilipulizia vuvuzela. Alitoka mji mmoja mdogo kando ya Ziwa Tanganyika, na vita alivisimulia kwa namna ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine: kwa kuchekesha. Tuliyempenda kuliko wote katika hadithi zake alikuwa Kikohozi. Kikohozi ilikuwa ndege ya mabomu. Watu wa mji wake waliipa jina hilo kwa sababu injini yake moja ilikuwa mbovu, ikisikika kwa mbali ikikohoa kabla ndege haijaonekana.

"Ilikuwa inakuyaka asubuhi," alisema Papa Amisi. "Unasikia kwanza: kho, kho, kho. Bibi anaacha sufuria. Padri anaacha misa. Mimi na mke wangu, mbio mpaka kwa migomba! Kichwa chini, matako juu!"

Hapo tulikufa kwa kicheko. Na hapo hapo, kila mara, sauti ya Mama ilishuka kutoka ghorofa ya tatu: "Mapendo! Kuja oshe vyombo!" Vyombo vilikuwa safi. Nilijua ni safi kwa sababu nilikuwa nimeviosha mimi. Nilipanda ngazi nikinung'unika, na nyuma yangu nikasikia kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, ambacho sikuwahi kujua kilichekea nini, maana kumuuliza Wivine niliona ni kukubali kushindwa.

Nilipofika umri wa kuuliza sana habari za Papa, yaani baba yangu mzazi, Mama aliniambia. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimekaa sakafuni katikati ya magoti yake, ananisuka. Sikuweza kuuona uso wake, na nadhani alipanga hivyo. Papa aliitwa Gaspard. Alikuwa fundi wa ndege ya mizigo. Ilibeba chumvi, mahindi, mbuzi, hata bibi harusi mmoja na magodoro yake. Vita vilipoingia, jeshi likaichukua ndege, na fundi akaenda na ndege yake. Ndege ya mizigo haikutengenezewa mabomu. Wanaume walisimama nyuma, mlango mkubwa ukafunguliwa angani, wakayasukuma mabomu nje kwa mikono na miguu. Papa alikuwa mmoja wao. Nikiwa bado nanyonya, ndege ikaanguka milimani na watu wote waliokuwa ndani. Hakuna aliyeleta mwili.

"Waliangusha wapi hayo mabomu?" nikamuuliza.

"Kwa miji ya kando ya ziwa," akasema, na vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. "Usimwambie Wivine. Hawa watu wanatupendaka."

Ni kweli walitupenda. Mama alipougua, mke wa Papa Amisi ndiye aliyetuletea uji. Papa Amisi ndiye aliyenivusha barabara kwenye robot, zile taa za barabarani, nilipoanza shule. Kuanzia Jumamosi ile kila nilipolitazama sikio lake la kushoto nilijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba Papa ndiye aliyeliua. Nilianza kumtafutia kiti. Nilianza kumwachia nyama. Wivine akaniuliza kama nataka kuolewa na baba yake, tukapigana kidogo, tukapatana. Nilimpenda baba ambaye sikumjua na nilimwonea haya kwa wakati mmoja, na mtoto hana pa kuweka mambo mawili ya namna hiyo.

Mwaka wa pili baada ya Kombe la Dunia, akafika Tonton Léon. Alikuwa mdogo wake Papa. Vita viliwatawanya, naye tulimpata kupitia waumini wa kanisa, akiwa Cape Town. Alishuka kwenye basi amevaa suti kamili kwenye joto lile la Durban, akanikumbatia akalia, kisha kabla hata ya kuvua koti akatazama kitambaa cheusi cha Mama.

"Shemeji," akasema, "mpaka leo?"

Lazima nieleze hapa, kwa watoto wetu wanaodhani msiba ni kuweka picha ya mshumaa kwenye simu na kuendelea na mambo yao. Kwetu mtu akifa tunakaa matanga. Watu wanalala pale, wanakula pale, wanaimba. Halafu inakuja siku ya kuyaondoa, na kuondoa si kazi ya mjane, ni kazi ya ukoo wa marehemu. Msemaji wao anasimama mbele ya watu anaeleza marehemu alikuwa nani, alifanya kazi gani, alikufa namna gani. Kisha anauliza mara tatu: kuna mtu mwenye neno na huyu marehemu? Mwenye neno analisema hapo, au anyamaze milele. Wakinyamaza wote, mjane anaoshwa uso, anavuliwa nguo nyeusi, maisha yanaendelea. Matanga ya Papa hayakuwa yameondolewa, maana ukoo haukuwapo. Mama aliyabeba kutoka Kongo mpaka Durban.

Alifurahi kusikia kwamba yataondolewa. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipomuuliza Tonton atakayoyasema. "Sema tu alikuwa fundi," akamwomba. "Fundi wa ndege. Si uongo."

"Ni nusu," akasema Tonton. "Matanga haiondolewe juu ya nusu, shemeji. Itarudi. Nitasema alifanya nini."

"Papa Amisi atakuwa pale."

"Basi na asikie. Kama iko na neno, aseme. Ndiyo kazi ya ile siku."

Tungeweza kutomwalika? Haikuwezekana. Papa Amisi ndiye aliyekwenda kuazima viti vya plastiki kanisani, ndiye aliyebeba sufuria kubwa begani. Juma lile Mama hakula sawasawa. Aliniambia tukifukuzwa katika mioyo ya watu wa jengo lile, tutahamia Chatsworth, ambako hatumjui mtu. Nilianza kumuaga Wivine kimoyomoyo. Nilimpa hata sehemu yangu ya ile kamba ya soksi, naye akaipokea bila kuuliza, maana aliona ni haki yake.

Siku ilipofika, uani palijaa. Sombe, yaani kisamvu, ilikuwa motoni tangu asubuhi, kuku wamekaangwa, ugali unasongwa na wanawake wawili kwa zamu, na yule bibi wa Kihindi ameshusha sinia la sambusa akaketi mstari wa mbele kana kwamba ni wa ukoo. Tumbili walijipanga ukutani wakingoja nafasi. Mama alikaa kwenye mkeka, mimi ubavuni mwake. Tonton Léon akasimama na suti yake.

Alisema yote. Alisema jina, Gaspard, kwa sauti kubwa, na mimi nilishtuka kulisikia nje ya nyumba. Alisema habari za chumvi na mahindi, na watu wakatabasamu. Kisha akasema jeshi liliichukua ile ndege, na kaka yake alisimama nyuma ndani ya ndege hiyo akasukuma mabomu juu ya miji ya kando ya ziwa, na ndege ikaanguka, na hatuna kaburi. Tabasamu zikaisha. Hata mwiko wa ugali ulisimama.

"Kuko mtu iko na neno na huyu marehemu?" Tonton akauliza.

Akauliza mara ya pili. Papa Amisi aligeuza kichwa, akalielekeza sikio lake zima kwa Tonton, kisha akasimama taratibu. Nilishika pindo la gauni la Mama. Nilitamani tumbili waivamie ile sufuria ya kuku, watu wakimbie, siku iharibike, lakini siku hiyo tumbili nao walikuwa na adabu.

"Ile ndege ya ndugu yako," akasema Papa Amisi, "ilikuwa ya mlango wa nyuma?"

"Ya mlango wa nyuma."

"Na injini moja mgonjwa? Inakohoa?"

Tonton akajibu: "Gaspard mwenyewe aliniambia. Alisema ile injini itawaua, na ndiyo iliwaua."

Papa Amisi akavua kofia. "Basi ni Kikohozi," akasema.

Mama aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia mkeka.

"Niko na neno," akaendelea Papa Amisi. "Kikohozi ilikuja kwetu msimu muzima. Mji wetu haufichike: kanisa iko na mabati inang'aa, hata kipofu anaiona. Kila asubuhi tuko kwa migomba, matako juu, tunangoja kufa. Na kila asubuhi Kikohozi inapita juu ya kanisa, inapita juu ya soko, inafika kwa ziwa, ndiyo inafungua mlango. Boum! Kwa maji! Tukiinua kichwa, ziwa yote nyeupe, ni samaki. Watu wanakimbia na ndoo, na sketi, na chandarua ya mbu. Tulikula samaki, tulikula samaki, mpaka watoto wakalia wanataka maharagwe, na padri..."

"Na padri akaomba kuku!" akamalizia Wivine kutoka nyuma ya viti. Alikuwa ameisikia mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Na uani pakatoka kile kicheko cha pili, kile kile nilichokuwa nakiacha nyuma yangu kila nilipopanda ngazi kwenda kuosha vyombo safi.

Papa Amisi hakucheka. Alingoja watulie. "Sitasema uongo kwa matanga," akasema. "Siku moja bomu ilianguka kwa nchi kavu, ikaua mbuzi za mjomba wangu. Na miji mingine watu walikufa. Hao watu wako na neno lao, mimi siwezi kuwasemea. Na sijui kwa ile ndege nani alikuwa anasema 'sukuma' na nani alikuwa anasema 'ngoja.' Pengine rubani alikuwa haoni muzuri. Lakini mtu akikosa mji siku moja, ni bahati. Akiukosa msimu muzima, kuko mtu kule nyuma alikuwa anatuhurumia." Akamgeukia Mama. "Mama Mapendo, neno langu na marehemu ni hili moja. Samaki ilikuwa tamu."

Mama alitoa sauti ambayo kwanza nilidhani ni kilio. Alikuwa anacheka. Alicheka amejiziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, machozi yanapita katikati ya vidole, na kila alipotaka kuacha alirudia kusema, "Kuku! Padri!" akaanza upya. Mimi nilisimama nikapaza sauti mbele ya watu wazima wote, jambo ambalo siku nyingine ningechapwa kwa ajili yake.

"Na sikio lako, Papa Amisi?"

"Sikio gani? Hili?" Akaligusa. "Hili ni dawa ya malaria, mtoto wangu. Lilikufa nikiwa mdogo kuliko wewe."

Nilikaa chini. Hiyo nafuu naikumbuka mpaka leo. Tonton akauliza mara ya tatu, na hakuna aliyejibu. Wakaleta maji, wakamwosha Mama uso, wakafungua kile kitambaa cheusi. Nywele za pembeni zilikuwa na mvi ambazo sikuwahi kuziona. Wakamfunga kitenge cha njano, wanawake wakapiga vigelegele, na tumbili mmoja akatumia nafasi hiyo kuondoka na sambusa.

Wakati wa kula Papa Amisi alimletea Mama sahani. "Lakini miaka yote hii tulikuwa tunaisimulia hapo kwa ngazi," akamwambia. "Haukusikia?"

"Nilikuwa nasikia mwanzo," akasema Mama. "Kisha nilikuwa naita mtoto akuje kuosha vyombo."

Mambo yamebadilika. Lile jengo limepakwa rangi ya kijivu, ngazi ina geti la kufungua kwa namba, na jioni hakuna anayekaa pale. Kila mtoto yuko kwenye kioo chake, anapandisha video kwa kidole kabla mwenye kuongea hajamaliza hata salamu. Wanajua mwanzo wa mambo mengi. Enzi zetu tulijua machache, na nasema tuliyajua mpaka mwisho, ingawa kwa hilo familia yangu haina haki ya kumcheka mtu.

Mama bado anasuka, polepole sasa. Ndege ikipita anatoka barazani kuitazama mpaka ipotee machoni. Na kila mwaka siku ile ya matanga tunakaanga samaki, na Papa Amisi anapewa kichwa cha samaki kwa heshima. Mwaka huu binti yangu alimuuliza bibi yake kwa nini iwe samaki. Mama akapangusa mikono, akakaa, akaanza: "Kulikuwa ndege moja, ilikuwa inakohoa..." Mtoto alisikiliza mpaka migomba, akacheka, akateleza kwenye kiti aifuate simu yangu.

Mama akamshika gauni. "Kaa," akamwambia. "Vyombo nitaosha mimi."